Sapu haitibiwi kwa "kuwa chanya"

Matokeo ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula chuoni, yakitoka tu, wahamasishaji nao hao. "Badili mtazamo, maisha yatabadilika!" Makofi. Yule wa siti ya nyuma mwenye sapu (mtihani wa kurudia), ambaye wiki ya tatu sasa hafui wala haingii darasani, anaondoka na mzigo mwingine: kumbe hata sonona, huu ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nimejitakia.

Haya, mtazamo una nafasi yake. Daktari wa akili Aaron Beck alishaeleza tangu miaka ya 1960 kwamba mwenye sonona hujiona hafai, dunia huiona mbaya na mbele haoni kitu. Lakini mawazo hayo ni sehemu ya ugonjwa. Kumwambia ayaache ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Kinachosaidia ni kukamata wazo moja na kulihoji kwa maandishi. Gawa karatasi safu nne: kilichotokea, wazo lililokujia, ushahidi wa kuliunga mkono, ushahidi wa kulipinga. Pembeni ya wazo andika unaliamini kwa asilimia ngapi. Wengi hukosea safu ya pili, wanaandika "kwa nini mimi?" Swali halipimiki. Andika jibu unaloliogopa: "Nimepata sapu ya takwimu, kwa hiyo nitadisko, nifukuzwe chuo." Kosa jingine ni kumalizia kwa "mimi ni mshindi", maneno ambayo usiku huohuo huyaamini. Andika kitu kikavu: "Masomo sita nimefaulu, moja nalirudia." Kisha pima asilimia upya. Ikishuka kutoka 90 hadi 60, hiyo ni kazi kubwa.

Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) likichelewa, lakini, hilo si wazo potofu. Ni njaa, na dawa yake ni chakula.

Dini? Kwaya na darsa humtoa mtu chumbani akakutana na watu, sibishi. Ila anayeita sonona "upungufu wa imani" na kumwachisha mtu dawa wiki ya pili, wakati dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, anaumiza watu.

Ukitaka kujipima, PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, nenda ukaonwe na mtaalamu. Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Hapo ukijibu chochote zaidi ya 0, usijumlishe alama: mwite mtu akae nawe, muende hospitali leo.