Nyumba yetu imepanda cheo

Jamani, nyumba ninayopanga hapa mtaa wa Majengo, Goma, imepanda cheo. Mimi niliyemo ndani bado.

Ilikuwa nyumba ya mbao, kama nyingi za Goma, imekaa juu ya mawe ya volkano. Tangu volkano ya Nyiragongo imwage moto wake katikati ya mji Januari 2002, mbao ndiyo imetusaidia: inasimama upesi, na kiwanja kikileta matata unaing'oa unaenda nayo. Sasa Papa mwenye nyumba kanunua bloku za saruji, kajenga ukuta wa mbele peke yake, kapaka rangi ya kijani. Rangi haijakauka, huyu hapa: "Hii sasa ni semi-durable, nusu ya kudumu. Bei imebadilika, na garanti, ile pesa uliyoniwekea ulipoingia, uongeze." Kuta tatu nyingine ni mbao ileile, jirani akikohoa usiku namwambia pole bila kuinuka kitandani.

Nikamwuliza mpwa wangu aliye Chicago, anasomea ukaguzi wa majengo. Akasema kanuni zinazotumika kule zina aina tano za ujenzi. Ya kwanza haichezi na kitu cha kuungua; ya tano ndiyo mbao zetu. Ukitaka ya tatu, ndani mbao ruhusa, ila kuta za nje ziwe za kitu kisichoungua. "Zote, mjomba, si ule wa barabarani tu." Jengo linapewa aina ya sehemu yake iliyo dhaifu, labda ulikate kwa ukuta wa kuzuia moto, yawe majengo mawili. Na kabla ya kusema jengo la zamani limebadilika aina, mkaguzi atataka kujua ndani ya kuta mna nini. (Ndani ya zetu mna panya, hilo hata mimi nakagua.)

Nikampelekea Papa elimu hiyo yote. Akacheka: "Chicago kuna volkano?"

Nikalipa.

Halafu akaja mtu wa kodi ya Leta, yaani ya serikali, na daftari lake. Papa akamkamata kwenye kona kabla hajaona kijani, akampitisha nyuma. "Mbao tu, shefu, tena za zamani. Manjanja yenyewe, mabati ya juu, yanavuja, ulizeni mpangaji." Kwa mara ya kwanza nikamsikia anasema kweli kuhusu yale manjanja! Nilikuwa nimeshika ndoo.

Mgeni alipoondoka nikasema: "Basi Papa, na mimi nilipe bei ya mbao."

Akaniangalia kwa huruma. "Ile nimeambia Leta. Wewe ni Leta?"