Ranki Ikishushwa, Kikosi Kinabaki Salama?

Takriban kila baada ya miezi miwili, wachezaji wa gemu za vita za simu kama PUBG Mobile, Free Fire na Call of Duty: Mobile hufungua simu na kukuta ranki zimeshushwa. Aliyelala Ace, moja ya ngazi za juu za PUBG Mobile, anaamka ngazi kadhaa chini. Asubuhi hiyo hiyo mabishano huwaka kwenye magrupu ya WhatsApp, hapa Dodoma, kuanzia hosteli za Ng'ong'ona mpaka vijiwe vya Majengo. Kuna wanaosema riseti ni kunyang'anywa jasho la wiki 8. Kuna wanaosema bila riseti gemu ingeshakufa zamani, maana wakongwe wangekaa juu milele na wapya wasingekuwa na pa kushika.

Hoja zote mbili zina uzito, na tutazipima. Ila kuna swali ambalo watu huliruka: baada ya ranki kushushwa, wale wanne waliokuwa wakicheza pamoja bado wanaweza kucheza pamoja ikifika wiki ya 4? Kwetu hapo ndipo pa kupimia riseti nzuri na riseti mbovu.

Tutenganishe kwanza mambo mawili yanayobeba jina moja. Mkulima wa zabibu wa Hombolo akishavuna hupogoa: matawi yanakatwa, shina na mizizi vinabaki, na ndiyo maana anavuna mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa uwele hana cha kupogoa. Mvua zikianza anapanda mbegu upya kwenye shamba tupu. Riseti ya ranki kwenye gemu za simu ni ya kupogoa. Namba inashuka, lakini akaunti, mavazi, silaha na orodha ya marafiki vinabaki. Kwenye gemu za kompyuta kama Rust na Escape from Tarkov riseti ilizoeleka kuwa ya uwele: mali inafutwa, mnaanza mikono mitupu. Anayelaumu ya kwanza kwa makosa ya ya pili anapiga kelele mlango usio wake.

Tuanze na ya kupogoa, kwa kuwa ndiyo inayogusa wengi hapa Dodoma.

Nyuma ya ranki unayoiona kuna namba usiyoiona, na hiyo ndiyo hutumika kukupangia wapinzani. Kila kampuni ina kanuni yake na haiitoi hadharani, lakini mama wa kanuni hizi ni ile ya Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, aliyoitengeneza kwa ajili ya chesi. Ndani yake, mwenye alama 400 zaidi ya mpinzani anategemewa kushinda takriban mara 91 katika 100. Kama mechi moja inabeba alama zisizozidi 32, basi akishinda anapata 3 tu, na akishindwa anapoteza 29.

Sasa chukua washkaji wawili, mmoja ana 1,800 na mwingine 1,200. Tofauti ni 600, na wakikutana ana kwa ana wa juu anategemewa kushinda mara 97 katika 100. Gemu nyingi zinazingatia tofauti ya ranki kabla ya kuruhusu watu kuingia mechi ya ranki pamoja, kwa hiyo hawa wawili wako mbali. Riseti ya kupogoa huvuta kila mtu kuelekea katikati. Tuseme katikati ni 1,500 na kila mmoja anasogezwa nusu ya umbali wake: wa juu anakuwa 1,650, wa chini 1,350. Tofauti imekatika nusu, imebaki 300, na ile 97 imeshuka hadi 85. Mlango uliokuwa umefungwa kati yao sasa unaweza kufunguka.

Hii ni hoja bora kuliko zote za upande wa riseti, na ajabu ni kwamba wanaotetea riseti huwa hawaigusii. Wao husema riseti inaleta msisimko. Msisimko ni kweli, lakini hupita. Kubwa ni kwamba wiki ya kwanza ya msimu ndiyo wakati ambao kikosi chenye viwango tofauti kinakaribiana kuliko wakati mwingine wowote. Mdogo wako aliyeanza kucheza likizo iliyopita anaweza kuingia na wewe.

Gharama yake iko palepale. Ngazi zikibanwa, wakali na wanaojifunza wanatupwa kwenye chungu kimoja. Mwenye ranki ya kati ambaye msimu uliopita alikuwa akishinda mechi moja katika mbili anakutana na watu walioshushwa kutoka juu kabisa, anapigwa mechi 6 mfululizo, anazima simu. Kwenye PUBG Mobile kuna jambo la kuongeza: ngazi za chini zimejaa roboti, yaani wachezaji bandia wanaoendeshwa na gemu yenyewe, kwa hiyo mwanzo wa safari ya kurudi juu haumpimi mtu sawasawa. Unapanda haraka, unajiona umeiva, halafu roboti zinapungua na unasimama ghafla. Wengi huita hiyo bahati mbaya au huisingizia seva. Ukweli ni kwamba mteremko ulikuwa wa bure.

Baada ya hapo kikosi huanza kuachana, na kinachowaachanisha mara nyingi ni muda kuliko uwezo. Piga hesabu. Tuseme kurudi pale ulipokuwa kunahitaji mechi 60, na mechi moja kwenye ramani kubwa kama Erangel, ukibaki hadi mwisho, ni kama nusu saa. Hizo ni saa 30. Anayecheza mechi 3 kila usiku anamaliza kwa siku 20. Rafiki yake mwenye uwezo uleule, ambaye yuko kazini Mtumba siku tano na anacheza mechi 3 Jumamosi na 3 Jumapili, anahitaji wiki 10. Msimu wenyewe ni wa wiki 8. Hajafika, na riseti nyingine imeshapita juu yake.

Hapo upande wa wanaolalamika una haki kamili. Kwa mtu wa wikendi, ranki ya miezi miwili inapima saa alizonazo, haimpimi yeye. Mbaya zaidi, kwenye gemu ambazo namba ya siri haishushwi pamoja na ranki, anaweza kupangiwa watu wa kiwango chake cha zamani huku beji yake ikimtambulisha kama wa chini. Baadhi ya gemu, Valorant ikiwamo, hufidia kwa kumpa alama nyingi zaidi kila anaposhinda mpaka ranki iikaribie namba ya siri. Hilo ni jambo jema na lingepaswa kuwa desturi kila mahali.

Mwanafunzi ana shida yake. Ratiba ya misimu haiijui UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula. Msimu mpya ukianguka wiki ya mitihani, mwenye karatasi tatu mfululizo anakosa siku zile ambazo kikosi kiko karibu, akirudi wenzake wako ngazi mbili juu. Ujumbe wa "oya mwanangu, ingia" unakuja, anagusa kitufe, gemu inamwambia ranki zao haziendani. Ukimwona mtu ameacha gemu katikati ya msimu, mara nyingi sababu ni hiyo. Alama angezitafuta tena. Watu wa kucheza nao ndio waliopotea.

Kwa hiyo sheria za makundi zina uzito kuliko riseti yenyewe. Valorant, ambayo timu ni ya watu 5, inatoa mfano wa makusudi: kwenye mechi za ranki kikosi cha watu 4 hakiruhusiwi, ili yule wa tano asijikute mgeni peke yake kati ya watu wanaojuana. Watu 5 wanaruhusiwa hata wakitofautiana mno, lakini tofauti ikizidi mpaka fulani alama wanazopata hukatwa. Washkaji wanne hapo wana mateso, kwa sababu lazima mmoja abaki nje au watafute wa tano. Overwatch 2 ilipita njia nyingine. Msimu wa 9, Februari 2024, ilirisiti ranki za wote, na msimu uliofuata, Aprili, ikaondoa vizuizi vya tofauti ya ranki ndani ya kikundi. Vikundi vyenye tofauti kubwa hukubaliwa, ila hupangiwa vikundi vinavyofanana navyo na husubiri zaidi kupata mechi. Kusubiri dakika kadhaa ni bei ndogo kwa kucheza na ndugu yako. Tungependa kuona gemu za simu zikiiga hilo: shusha ranki ukitaka, lakini usigeuze ranki kuwa ukuta.

Riseti ya uwele ina sababu zake, na si za kubeza. Kwenye Rust, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi sasisho la lazima hufuta ramani kwenye seva zote. Isipofutwa, majengo yanarundikana mpaka seva inalemewa, na kundi lililotangulia linakuwa na kuta na silaha ambazo mgeni hawezi kuzigusa. Kufuta kunarudisha ushindani. Tatizo ni saa: Uingereza ni jioni, kwetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa ya kazi na vipindi. Anayeingia Jumamosi asubuhi anawakuta wenzake na bunduki, yeye ana jiwe na mwenge.

Tarkov, katika miaka yake ya majaribio kabla ya toleo la 1.0 la tarehe 15 Novemba 2025, ilifuta kila kitu takriban mara mbili kwa mwaka. Pale pengo kati ya marafiki hukaa kwenye risasi. Risasi nzuri hufunguliwa kwa kupandisha viwango vya wauzaji, na viwango hivyo hupanda kwa sehemu kubwa kwa kukamilisha kazi walizokupa. Aliyechelewa wiki mbili anafyatua kwenye fulana ya chuma, risasi hazipenyi, adui anageuka na kumlaza. Rafiki aliye juu anaweza kumpa bunduki, lakini kazi zake hawezi kumfanyia. Mnajikuta mnaingia ramani moja kila mtu na shughuli yake.

Kuna njia ya tatu, nayo ni riseti ya hiari. Call of Duty 4 ya mwaka 2007 iliifanya ijulikane sana: ukifika leveli ya 55 unaweza kukubali kurudi 1, unapoteza silaha ulizofungua, unapata beji. Asiyetaka anabaki. Mfumo huo uliondolewa mwaka 2019 kwenye Modern Warfare, kisha ukarudishwa Black Ops 6 ilipotoka Oktoba 2024, dalili kwamba wapo wanaotaka kuanza upya bila kusukumwa. ARC Raiders, iliyotoka tarehe 30 Oktoba 2025, nayo humwachia mchezaji aamue kama afute maendeleo yake ili apate nyongeza za kudumu. Tunaipenda njia hii kuliko nyingine, kwa sharti moja: nyongeza isiwe ya nguvu za mapigano. Ikiwa mwenye kufuta anakuwa na uwezo ambao asiyefuta hawezi kuufikia, hiari imegeuka amri, na kikosi kinagawanyika kati ya waliofuta na waliobaki.

Kwa anayecheza hapa Dodoma, kazi huanza kabla ya siku ya riseti, kwa sababu msimu mpya mara nyingi huja na sasisho. Mechi zenyewe hazili bando sana. Kinacholimaliza ni sasisho, ambalo ukijumlisha ramani na mapambo linaweza kuvuka GB 1. Mwenye toleo la zamani hawezi kuingia kikosi kimoja na mwenye toleo jipya, hata kama ranki zinalingana. Acha walau GB 4 wazi kwenye simu, futa ramani msizozitumia, pakua kwa Wi-Fi au kwa bando la usiku, na usikubali kupakua vifurushi vyote vya picha ambavyo gemu inakupendekezea. Mkiwa wanne na mmoja hajasasisha, wiki ya kwanza imekwenda.

Akaunti nayo iangaliwe. Wengi bado wanacheza kama mgeni, bila kuunganisha na barua pepe. Simu ikiibiwa au ikiflashiwa, hiyo ni riseti isiyo na msimu, na haina wa kuirudisha. Vilevile usimpe mwenzako nenosiri akupandishie ranki ili muendane. Ni kinyume cha masharti na akaunti inaweza kufungiwa. Hata isipofungiwa, utapangiwa watu usiowaweza na kikosi kitakubeba kila mechi.

La mwisho ni kwa wenye muda. Free Fire ina ranki mbili zinazojitegemea, ya Battle Royale (wengi wanapambana mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja) na ya Clash Squad (wanne kwa wanne, kwa raundi fupi). Call of Duty: Mobile nayo hutenganisha ranki ya mechi za timu na ya Battle Royale. Wewe unayeweza kucheza kila usiku, panda kwenye Clash Squad kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na ranki ya Battle Royale usiiguse mpaka Jumamosi wenzako watakapoingia. Mechi 6 za wikendi zitawapandisha wote kwa mwendo mmoja, na kwenye wiki ya 5 kitufe cha mwaliko bado kitafanya kazi.