Mpelelezi wa Paseli Yetu

Kitabu chenyewe nilikiokota kwa franka 2000 katika soko la Mzee Kabila, na hakikuwa na kichwa wala mkia: jalada limebanduka, kurasa za mwisho zimenyofolewa. Muuzaji aliniapia kwa marehemu mama yake kwamba hadithi inaishia palepale.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, nakaa komini ya Kenya (Kenya ya Lubumbashi, siyo ile ya Nairobi), paseli, yaani uwanja mmoja wa nyumba wenye wapangaji sita na bomba moja. Umeme ukikatika tunazunguka mbabula, jiko la makaa, ya Mama Mapasa, nami nasoma kwa tochi ya simu huku nikigeuza Kifaransa cha kitabu kuwa Kiswahili. Muuaji wa kukodiwa, hajulikani jina wala sura, kala nusu ya malipo ili ampige risasi Jenerali de Gaulle, rais wa Ufaransa. Anayemwinda ni mpelelezi mpole ambaye hata nyumbani kwake hana sauti. Mwandishi kaanzia kwenye jambo la kweli: tarehe 22 Agosti 1962, Petit-Clamart karibu na Paris, Citroën ya de Gaulle ilimiminiwa risasi, matairi yakapasuka, na mzee na mke wake wakatoka wazima. Kiongozi wa njama ile, Bastien-Thiry, serikali ilimpiga risasi Machi 1963.

Mzee wa chumba cha kwanza, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, alicheka mpaka akakohoa. "1962? Hapa paliitwa Elisabethville, Tshombe ndiye prezida wa Katanga, na hao wauaji wa kukodiwa tulikuwa nao mjini. Bob Denard mwenyewe alipigana hapa! Sasa wewe Mwalimu unaenda kuwalipia franka 2000?"

Ndipo akahamia mtu chumba cha sita. Salamu anaitikia kwa kichwa. Saa tatu usiku anatoka, asubuhi anarudi, begani kabeba kitu kimefungwa kwenye blanketi kuukuu, kirefu kuliko yeye. Mama Mapasa alimchungulia akinawa bombani: vumbi jeupe kwenye kucha, na malaika ya mikono yote yameungua.

"Baruti," nikasema. Baruti gani nyeupe? Lakini hakuna aliyenisahihisha, na mwalimu asiposahihishwa huwa hatari.

Nikanunua daftari. Usiku wa kwanza alinipotea kwenye njia ya reli. Wa pili mbwa walinirudisha. Wa tatu nikamfuata hadi geti moja la bati linalotoa moshi, akaingia, nami nikajibanza nyuma ya rundo la kuni, nikaandika. Baridi ya Juni huku kwetu si mchezo. Niliandika na soksi mkononi.

Saa kumi alfajiri wakaanza kuja akina mama na mabeseni yao. Mmoja akaja mpaka kwenye kuni, akainama, tukatazamana.

"Papa, uko unaandika nini hapa?"

Ningesema nimebanwa na haja ndogo, mambo yangeishia hapo. Mimi nikaweka kidole mdomoni na kunong'ona: "Shh. Kuna muuaji ndani."

"Mwivi!" akapiga kelele. "Ndiye wa jana na juzi! Anahesabu pesa yetu!" Mabeseni yakapigwa kama ngoma. Sijawahi kupigwa na beseni kabla ya siku hiyo. Lina sauti kuliko maumivu, lakini sauti yenyewe inakaa masikioni hadi adhuhuri.

Kituoni, ambacho sitakitaja, OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, alifungua daftari langu akasoma polepole: "Anatoka saa 3:10. Yuko peke yake. Njia ya reli ni giza, hakuna taa, hakuna mlinzi. Kesho nitammaliza." Akanitazama. "Umekodiwa na nani?"

"Shefu, nilitaka kusema nitamaliza upelelezi..."

"Na hiki?" Akainua kitabu. Nikaeleza. Akafungua ukurasa wa kwanza, kwa dharau. Saa moja ikapita. Akaniletea kiti. Saa mbili zikapita, akawafukuza watu wawili waliokuja kushtaki mbuzi.

Mchana akafika mpangaji wa chumba cha sita kunidhamini, ameletwa na Mama Mapasa, blanketi begani. Akalifungua mbele ya meza: mti mrefu wenye kichwa bapa, wa kusukumia mikate ndani ya tanuru. Wa kwanza aliuacha kazini ukaibiwa, ndiyo maana huu analala nao. Ametuletea na mikate mitatu. Hakunikasirikia hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma.

"Basi niende, shefu?"

OPJ alikuwa amefika mwisho. Akageuza kitabu, akakikung'uta. "Muuaji alishikwa?"

"Kurasa zimepotea, shefu."

"Basi na wewe hautoki."

Nikabuni mwisho pale pale, mpelelezi akimvizia muuaji alfajiri nyuma ya tanuru. Mwoka mikate akanikatiza mara mbili, eti saa hiyo tanuru huwa limepoa. OPJ akaridhika, akaniachia. Kitabu kikabaki, eti ni kielelezo.

Juzi nimenunua karanga kwa mama mmoja karibu na soko. Kifuko kimesokotwa kwa karatasi ya Kifaransa: mpelelezi anapanda ngazi mbio, kisha mafuta yamekula mistari.

"Mama, karatasi zingine ziko wapi?"

"Zinaisha na karanga, Mwalimu. Ongeza."

Leo ni siku ya tano nakula karanga. Nimepata kurasa nne, na mpelelezi bado yuko kwenye ngazi.