Jimmer Fredette na ruksa ya kukosa

Kila tukikaa kubishana mambo ya kikapu na washkaji, likitajwa jina la Jimmer Fredette, yule mtupiaji wa Kimarekani, lazima mmoja aseme "yule si ndo alifeli NBA", ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na mimi lazima nipandwe na hasira, imekua hivyo miaka yote mpaka jamaa amestaafu Aprili 2025 na bado maneno ni yale yale. Kwaiyo leo naandika ninachokiamini kuhusu huyu mtu, mwenye kubisha abishe akishasoma mpaka mwisho.

Mwanzoni mwa 2011 bando lilikua ghali, tulikua tunaenda intaneti kafe, mmoja analipia nusu saa alafu watatu tunabanana kwenye kiti kimoja kuangalia klipu za jamaa wa BYU, kile chuo cha kanisa la Wamormoni kipo Provo, Utah. Jamaa ana sentimita 188 tu, hana mwili wa kutisha, haruki kivile, lakini akivuka nusu ya kiwanja tu ujue tayari yupo kwenye eneo lake la kutupia. Tarehe 26 Januari wakacheza na San Diego State, timu iliyokua imeshinda mechi 20 haijapoteza hata moja, na ndani yake yupo Kawhi Leonard, huyu huyu aliyekuja kuwa nyota wa NBA. Jimmer akatupia pointi 43. BYU wakashinda 71 kwa 58. Piga hesabu mwenyewe, 43 kati ya 71, wenzake wote waliobaki wakagawana 28. Sisi tulikua tunarudisha ile klipu nyuma tunaangalia tena mpaka mwenye kafe anatugongea meza kwamba muda umeisha.

Machi akawapiga New Mexico 52 kwenye mashindano ya mwisho ya ligi yao ya Mountain West. Msimu ule alimaliza na wastani wa pointi 28.9, hakuna mchezaji wa daraja la juu la vyuo Marekani nzima aliyemzidi, akabeba Naismith, akabeba Wooden, tuzo zote kubwa za mchezaji bora zikaishia kwake. Na kitu ambacho watu wengi hawakitaji, mwanzoni mwa Machi ile ile BYU walikua wa 3 nchi nzima, alafu wakampoteza Brandon Davies, kijana wao mrefu wa kucheza chini ya ringi, chuo kikamsimamisha kwa kuvunja kanuni zao za maadili. Mzigo wote ukamwangukia Jimmer, gadi mmoja, yani mchezaji wa nje anayeongoza mpira, akawabeba mpaka kwenye 16 bora ya vyuo vya nchi nzima, wakatolewa na Florida kwenye muda wa nyongeza.

Sasa hapa ndo napotaka tuelewane. Watu wanaongea kana kwamba kufunga ni kitu unakibeba kwenye begi, ukihama timu unahama nacho. Mimi siamini hivyo kabisa. Ukiangalia zile gemu za BYU vizuri utaona mpira unaanzia kwake na unarudi kwake, wenzake wanakimbia kumzuia mkabaji ili yeye apate nusu sekunde, na kubwa kuliko yote ni kwamba kochi Dave Rose alimpa ruksa. Na sio ruksa ya kupiga, hiyo kila mtu anaweza kupewa. Alikua na ruksa ya kukosa. Anapiga kutoka mbali vibaya mno, inagonga chuma, anarudi kukaba, mpira unaofuata anapewa tena yeye na anapiga tena kutoka pale pale na hamna anayegeuka kumwangalia kwa jicho baya.

Hilo nimeliona kwa macho yangu hapa hapa Dar. Mtaani kwetu kulikua na mshkaji mmoja, kiwanjani kwetu hakuna aliyekua anataka kumkaba, akachukuliwa na timu moja kubwa ya ligi, huko akaambiwa kaa kona, mpira ukikujia piga, usipokujia subiri. Akikosa miwili anatolewa. Nilienda kumwangalia mara mbili tatu na nilikua naona kabisa mkono umekua mzito, anaupokea mpira anafikiria kwanza, na mpigaji akishaanza kufikiria mkabaji keshafika. Baada ya msimu mmoja akarudi mtaani, watu wakasema kumbe alikua wa mtaani tu. Iliniuma sana na inaniuma mpaka leo.

Kwaiyo Juni 2011 Jimmer anachaguliwa wa 10 kwenye drafti, ule usiku timu za NBA zinachagua vijana wapya kwa zamu, anachaguliwa na Milwaukee na usiku ule ule anapelekwa Sacramento Kings. Baada ya hapo ligi ikafungwa kwa ule mvutano wa mikataba kati ya wachezaji na wenye timu, ligi ya majira ya joto ambayo vijana wapya wanaizoea hamna, mazoezi na timu hamna, msimu ukaja kuanza tarehe 25 Desemba ukiwa umekatwa na kubaki mechi 66. Mechi saba tu zimechezwa kochi Paul Westphal akafukuzwa. Akaja Keith Smart, alafu akaja Michael Malone, yani misimu mitatu makochi watatu, na kwenye timu yenyewe kuna Tyreke Evans anataka mpira, Marcus Thornton anataka mpira, DeMarcus Cousins anataka mpira, na juu ya hayo hata kama timu itabaki mjini haijulikani. Kijana aliyetoka mahali ambapo kila kitu kinazunguka juu yake akafika mahali ambapo hakuna kilichotulia, dakika zake zikawa za kuokoteza, akamaliza mwaka wa kwanza na wastani wa pointi 7.6.

Ila nikiishia hapo nitakua nawadanganya, maana kuna jina moja ambalo kila nikimtetea Jimmer linanisimamia mbele, nalo ni Isaiah Thomas. Drafti ile ile ya 2011, Kings hao hao, kachaguliwa wa 60, wa mwisho kabisa kabisa, na ana sentimita 175 tu. Makochi wale wale, vurugu ile ile, na yeye akachukua namba. Aliichukua kwa sababu alikua anaweza kumpita mtu na kuingia mpaka chini ya ringi bila kusubiri nafasi itengenezwe, akibanwa anapata faulo, na ule udogo wake alikua anakaba kwa hasira. Jimmer alihitaji nafasi, na kwenye kukaba miguu yake ilikua nyuma, magadi wa NBA walikua wanampita kirahisi na kochi yeyote anayeogopa kibarua chake hawezi kuvumilia hilo usiku hadi usiku. Hapo simtetei. Anayesema Jimmer alionewa moja kwa moja naye nabishana naye.

Lakini hebu angalia Februari 2014. Wapo New York, uwanja wa Madison Square Garden, dhidi ya Knicks, katokea benchi katupia 24, za pointi tatu sita, Kings wameshinda kwenye muda wa nyongeza, na msimu ule mipira yake ya pointi tatu ilikua inaingia karibu nusu. Mwezi haujaisha wamevunja naye mkataba. Akaenda Chicago, akaenda New Orleans, San Antonio wakamchukua wakamwacha kabla msimu haujaanza, Knicks wakampa mkataba wa siku kumi, na kote huko hadithi ni moja, kaa kona, subiri, usikose.

Alafu 2016 akapanda ndege kwenda Shanghai, kwenye timu ya Sharks ambayo wakati ule mmiliki wake alikua Yao Ming, na huko wakamwambia mpira huu hapa.

Msimu wa 2016/17 alifunga wastani wa pointi 37.6. Februari 2017 akatupia 73 kwenye gemu moja. Novemba 2018 akatupia 75. Wachina wakampa jina ambalo kwa kwetu ningeliita Gwiji Mpweke na wakamchagua mchezaji bora wa kigeni wa ligi. Najua mtasema ligi ya kule nyepesi, na ni kweli ni nyepesi kuliko NBA, na mtasema pia zile gemu za 73 na 75 timu yake ilifungwa zote mbili, nalo ni kweli. Mimi naangalia kitu kingine. Mkono ni ule ule, miguu ni ile ile na umri umeongezeka, kilichobadilika ni kwamba mgeni kwenye ligi ile anaajiriwa afunge, akikosa mitano mfululizo wanamtafuta tena wampe wa sita. Na cha kushangaza zaidi, msimu ule ule wa 2016/17 Isaiah Thomas yupo Boston, amepewa timu nzima, amemaliza na wastani wa 28.9. Namba ile ile ya Jimmer wa BYU! Nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda, maana hata Thomas mwenyewe akiwa Kings hakuwahi kufika huko, ilibidi apatikane kochi na timu ya kumwambia wewe ndo utakosa na wewe ndo utafunga.

Wengine wanasema alizaliwa mapema, kwamba angeingia ligi miaka mitano baadaye angekuta Stephen Curry keshafungua mlango wa kupiga kutoka mbali. Curry naye alikua kinara wa ufungaji wa vyuo akiwa Davidson, wastani wa 28.6, msimu wa 2008/09. Kuna ukweli ndani yake ila Curry anatoa mpira haraka na anaendelea kukimbia asipokua nao, Jimmer alikua wa kuwa na mpira mkononi. Ningependa iwe rahisi kama wanavyosema.

Hili neno kufeli linanichoma zaidi kwa sababu tulimpiga nalo pia wa kwetu. Hasheem Thabeet katoka Dar es Salaam, kaenda UConn, chuo cha Connecticut kule Marekani, 2009 kachaguliwa wa 2 kwenye drafti ya NBA, Mtanzania wa kwanza kufika kule, na mpaka leo kuna watu wakimtaja wanaanza na ambacho hakukifanya. Binadamu ameifikia sehemu ambayo mamilioni hawaigusi, tunamkumbuka kwa dharau.

Jimmer aliendelea na kazi. Akaenda Panathinaikos ya Ugiriki, akapunguza kufunga akawa mmoja kati ya wengi, wakachukua ubingwa wa 2020. Baadaye akahamia kikapu cha watatu kwa watatu, dakika kumi, mtupo wa nje unahesabiwa mbili na wa ndani moja, ni kama vile waliotunga sheria walimuwaza yeye. Wamarekani na yeye wakafika fainali ya kombe la dunia 2023 pale Vienna wakachukua medali ya fedha. Akaenda Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 35, na kwenye mechi ya pili tu akaumia nyonga kwa ndani, zilizobaki akaziangalia kwa pembeni. Siku ile niliumia kama ndugu yangu.

Ila gemu yake ninayoipenda kuliko hata ile ya 43 ni ya Machi 2019. Alikua karudi NBA kwa wiki chache akiwa na Phoenix Suns, wakaenda kucheza na Jazz kule Salt Lake City, mwendo mfupi tu kutoka Provo alikosoma. Huku kwetu ilikua saa kumi alfajiri, nimeamka nimekaa gizani na simu. Suns walichapwa 125 kwa 92, na kwenye hizo 92 Devin Booker peke yake alifunga 59, kwaiyo kila gazeti siku ya pili liliandika Booker. Mimi nilikua nasikiliza watu. Uwanja wa ugenini, mashabiki wa timu pinzani, Jimmer aliponyanyuka benchi wakalipuka, kila akigusa mpira sauti inapanda ukumbi mzima. Na alikosa, alikosa mipira mingi mno usiku ule, na ukishagonga chuma inasikika ile pumzi ya watu wote kwa pamoja, alafu akiupata tena wanaanza upya kumpigia kelele apige.