Skizofrenia na "Ningalijua" Isiyozaa Hatua

Mtu mmoja amekosa treni kwa dakika 5, mwingine kwa dakika 20. Nani ataiwazia zaidi treni hiyo? Wengi wetu tutamtaja wa dakika 5 bila kusita, kwa kuwa ndiye atakayekaa kituoni akijilaumu kwamba angalikaza mwendo kidogo tu angaliwahi. Swali la aina hii, ambalo chimbuko lake ni kazi ya wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky ya 1982, waliulizwa watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, katika utafiti wa Christine Hooker, Neal Roese na Sohee Park uliotoka mwaka 2000. Majibu yao yalipishana na ya wengi kuliko ilivyokuwa kwa watu wasiougua. Fikra zao za "laiti ningefanya vile" nazo zilikuwa chache. Watafiti waliuona huo kuwa umaskini wa fikra, wakauhusisha na ugumu wa kuishi na watu.

Mimi hapo nasita. Jibu "sahihi" la swali la treni ni lile tu ambalo wengi hulichagua. Treni imeondoka, na anayesema kwamba hao wawili wako sawa hajakosea hesabu yoyote. Alichokosa, kama kweli amekosa kitu, ni ule uchungu wa karibu-nipate tunaoushiriki sisi wengine. Tena kutunga "laiti" kunadai mengi kwa wakati mmoja: kukumbuka kilichotokea, kukiweka akilini, kubadilisha kipande chake kimoja, kisha kupata maneno ya kukisema. Skizofrenia hugusa kumbukumbu na hupunguza usemi, na baadhi ya dawa zake huleta usingizi. Alama ndogo kwenye jaribio zinaweza kutokana na lolote kati ya hayo.

Utafiti wa 2008 wa Roese, Park na wenzao ndio unaonishawishi zaidi, kwa sababu haukuishia kuhesabu fikra. Uliangalia fikra hiyo inazaa nini. Kwa kawaida mtu akishawaza "ningalifanya hivi", nia ya "safari ijayo nitafanya hivi" humjia upesi zaidi. Kwa wagonjwa wa skizofrenia, wepesi huo haukuonekana: "ningalifanya" haikuisukuma "nitafanya".

Maelezo ya kibaolojia yapo. Mwaka 2004 Nathalie Camille na wenzake walionyesha kwamba watu walioumia sehemu ya ubongo iliyo juu ya matundu ya macho walicheza kamari bila kusikia majuto, hata walipoonyeshwa kile ambacho wangepata kwa kuchagua vingine. Maelezo hayo yanavutia, lakini skizofrenia si jeraha la sehemu moja, na nisingependa tuyapokee haraka.

Nyumbani jambo hili lina sura nyingine kabisa. Kijana ameacha dawa, hali imemrudia, amelazwa tena. Mama yake anamwuliza: "Mwanangu, kwani mwaka jana hukuona yaliyokupata?" Aliyaona, na pengine anaweza kuyasimulia vizuri kuliko mama mwenyewe. Ndugu husema hajifunzi, au ana kiburi. Kama matokeo ya 2008 yanashika, tuhuma hiyo inamwonea: somo analo, ila halimsukumi kutenda. Lakini pia tusiubebeshe ubongo kila kosa. Wapo wanaoacha dawa kwa hesabu zao kamili, kwa sababu zinawanenepesha, zinawatetemesha mikono, au nauli ya kufika kliniki haipo.

Basi tuwafundishe kujuta? Wengine wangependa hivyo. Mimi naona hatari. Mgonjwa anayeutambua vizuri ugonjwa wake mara nyingi huandamwa zaidi na sonona, na kwa makadirio yanayotajwa sana, takriban asilimia 5 ya wenye skizofrenia hufa kwa kujiua. Kumzidishia mtu kama huyo orodha ya alivyopaswa kuishi, huku tukiita tiba, kunahitaji ushahidi mzito kuliko tulio nao.

Kuna njia inayoyapita majuto pembeni. Veronika Brandstätter, Angelika Lengfelder na Peter Gollwitzer walionyesha mwaka 2001 kwamba wagonjwa wa skizofrenia waliopanga mapema, "nikiona tarakimu hii, nitabonyeza kitufe upesi", waliitikia haraka zaidi ilipotokea. Mpango wa namna hiyo hauhitaji "laiti" hata moja. "Nikimaliza uji wa asubuhi, nameza kidonge" ni sentensi ambayo mgonjwa, mama yake na muuguzi wanaweza kuitunga pamoja. Ila kitufe cha maabara kinabonyezwa papo hapo, mtafiti akiwa pembeni. Kidonge kinasubiri kila asubuhi kwa miaka, hata siku ambayo sauti zinamwambia kijana kwamba kina sumu, na jaribio lile halikupima siku kama hiyo.