Ufuatiliaji wa miale: mwanga wa kweli, na gharama ya nani?

Wauzaji wa kadi za grafiki wanatuambia kwamba kwa ufuatiliaji wa miale (ray tracing), gemu sasa zina mwanga wa kweli. Dai hilo si uongo, ila lina mipaka, na anayelitoa siye anayelipia gharama zake.

Kazi yenyewe huanzia upande wa jicho. Kwa kila pikseli, yaani kitone kimoja cha skrini, programu hutupa mwale kutoka kwenye kamera, hutafuta kitu cha kwanza ambacho mwale huo utakigonga, kisha hukokotoa mwanga unaofika pale. Mwaka 1980 Turner Whitted wa maabara ya Bell Labs alionyesha kuwa mwale ukigonga kioo unaweza kuzaa mwale mwingine, na huo ukazaa mwingine. Picha yake moja ya matufe ilichukua dakika 74. Mwaka 1986 James Kajiya akaiweka hesabu nzima katika mlinganyo mmoja: mwanga unaotoka kwenye nukta ni ule inaoutoa yenyewe pamoja na ule inaourudisha kutoka kila upande.

Kwenye hiyo "kila upande" ndipo penye shughuli. Pande hazihesabiki, kwa hiyo kompyuta huchagua chache kwa bahati nasibu na kuchukua wastani. Chukua sanduku la Cornell, chumba kidogo ambacho programu za aina hii hujaribiwa nacho: katika toleo linalojulikana zaidi, ukuta mmoja ni mwekundu, wa pili kijani, na taa iko darini. Sakafu nyeupe iliyo karibu na ukuta mwekundu inapaswa kuchukua wekundu kidogo. Lakini kutoka hapo mwale mmoja utaangukia ukutani, mwingine darini, na mwingine utaipata taa yenyewe. Miale ikiwa michache, pikseli jirani hazikubaliani na picha inajaa chenga kama televisheni isiyo na antena. Kupunguza chenga hizo kwa nusu kunadai miale mara nne. Kubakiza moja ya kumi, mara mia.

Kwa msanifu majengo hilo si tatizo. Programu ya Radiance, iliyoanzishwa na Greg Ward katika maabara ya Lawrence Berkeley, hukokotoa mwanga kwa vipimo halisi, hivyo unaweza kukadiria lux (kipimo cha mwanga) zitakazofika juu ya dawati kabla darasa halijajengwa. Kompyuta ikikesha, na ikeshe. Hata hivyo, miale haina tabia za mawimbi: zile rangi za povu la sabuni hazitokei mpaka mtu aziongezee hesabu yake.

Gemu haina usiku wa kukesha. Kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde zisizofika 17, na skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili. Hata kwa kadi zilizoundwa kwa ajili ya miale kama za RTX, ambazo kampuni ya Nvidia ilizitoa mwaka 2018, kila pikseli hupata miale michache mno. Chenga zinazobaki husafishwa kwa kubashiri, yaani kuazima pikseli za jirani na fremu zilizopita, siku hizi mara nyingi kwa akili mnemba. Ukiona mhusika akikimbia huku nyuma yake kukibaki ukungu, hapo ubashiri umekosea.

Wanaopinga wanasema mwanga uliokokotolewa mapema studioni unapendeza na hauchoshi mashine. Ni kweli, mradi hakuna kinachobadilika. Bomoa ukuta, na kivuli chake kinabaki sakafuni. Ule ujanja wa akisi unaosoma kilichomo kwenye skrini tu nao una aibu yake: inamisha kamera, mlima ukitoka kwenye skrini unatoweka pia ziwani. Hapa miale inashinda bila ubishi.

Ila mnufaika mkubwa, kwa maoni yangu, ni studio: haisubiri tena mwanga ukokotolewe upya kila meza inapohamishwa, wala hakuna haja ya kuficha taa za bandia nyuma ya nguzo. Gemu ya Indiana Jones and the Great Circle, iliyotoka Desemba 2024, haichezeki kwenye kompyuta isiyo na kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale. Kazi iliyopungua studioni imekuwa gharama mfukoni mwa mchezaji. Kadi ya chini ya Nvidia inayotakiwa ilitoka mwaka 2019, kwa hiyo baadhi ya malalamiko ya wachezaji yamezidi. Lakini kwa mwenye laptopu ya mtumba, miaka hiyo si mingi, na safari hii hakuna pa kuizima hiyo miale.