Kwa Kunguni, Jiko ni Mimi

Nimeishi Nairobi miaka 19, na kila mwaka Agosti inapoingia mimi hujidanganya kwamba baridi imekwisha kwa sababu tu Julai imekwisha. Lawama ni za kwetu Mombasa, nilikozaliwa na ambako kipupwe ni jina tamu: ni ile miezi ambayo kusi huvuma, watu hulala bila feni, na wazee huvaa fulana ndani ya kanzu wakidai kwamba wanatetemeka. Hakuna aliyeniambia wakati naaga nyumbani kwamba upepo huohuo hupanda bara kwa miguu yake, na kwamba ukifika huku juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, huwa umekwisha kugeuka wingu zito la kijivu linaloufunika mji kama mfuniko wa sufuria tangu Juni. Jua huchungulia mnamo saa tisa alasiri, likatazama huku na huku kama mwenye nyumba aliyekuja kuhesabu wapangaji, kisha likarudi kwake.

Mke wangu hanihurumii hata kidogo. Yeye ni mzaliwa wa Kinangop, ambako jalidi huunguza viazi shambani na watu wakaamka, wakatazama, wakaenda kukamua ng'ombe. Nikisema kuna baridi, yeye hunitazama kwa mshangao wa kweli na kuniuliza, "Baridi ipi tena, Baba Watoto? Hata watu wa Limuru hawajaanza kulalamika." Basi mimi huvaa soksi mbili mbili, shuka ya Kimasai mabegani, na ile kofia ya sufu ambayo vijana huiita mavini, nikaketi kwenye kochi nikiwa nimekunja miguu, kwa sababu sakafu ya vigae asubuhi haikanyagiki. Nyumba zetu za mtaa wa Umoja zimejengwa kwa mawe mazuri yanayohifadhi ubaridi wa usiku hadi saa sita mchana, na hazina chombo chochote cha kupasha joto. Niliwahi kupendekeza tuingize jiko la makaa chumbani. Mke wangu akanikumbusha kwamba kila mwaka kuna watu wanaolala na jiko ndani na hawaamki, kwa kuwa ile hewa ya sumu haina harufu. Hapo sikubishana naye.

Ninachoshindwa kukubali ni kwamba katika nyumba hii ninayoilipia kodi, kila kiumbe amepata mahali pa kuotea moto isipokuwa mimi. Panya, ambaye huingia kupitia tundu lisilozidi upana wa penseli, amehamia nyuma ya friji, pale kwenye mota, penye joto la kudumu na muziki wa chini kwa chini unaomlaza usingizi. Mende wadogo wamechagua king'amuzi cha televisheni. Nimekifungua mara moja tu, nikakifunga upesi kwa aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la wageni. Wamo humo familia nzima, wanasikiliza taarifa ya habari kutoka ndani kabla haijatufikia sisi wa nje. Na kunguni, ambao hufuata joto la mwili na pumzi ya mtu aliyelala, hawakuhitaji kutafuta sana. Kwa kunguni, jiko ni mimi.

Kila Jumapili hupita kijana muuza dawa za wadudu mwenye kipaza sauti kilichorekodiwa orodha ya kunguni, mende, panya na viroboto kwa sauti moja isiyochoka, nami huisikiliza nikihesabu kwa vidole walio kwangu na wasiokuwapo. Hadi sasa ninakosa viroboto tu. Mwezi uliopita nilimwita nikanunua gundi ya panya, ambayo hupakwa kwenye kadibodi na kuwekwa anakopita mhusika. Niliiweka mbele ya friji pamoja na kipande cha samaki mkavu kutoka nyumbani, kwa sababu niliona si vizuri kumtega kiumbe kwa chakula ambacho mimi mwenyewe nisingekila. Usiku wa manane umeme ukakatika. Nikaamka kutafuta mshumaa, nikaingia jikoni kwa kupapasa, na mguu wangu wa kulia ukakaribishwa na kadibodi ile kwa upendo ambao sijawahi kuonyeshwa na kitu chochote tangu nihamie bara. Niliuvuta, kandambili ikabaki. Nikainama kuitoa kandambili, mkono ukanasa. Nikajaribu kuukomboa mkono kwa shuka, na shuka ya Kimasai, ambayo ndiyo blanketi yangu ya mchana, ikajiunga nasi. Umeme uliporudi, mke wangu alinikuta nimechutama sakafuni nikiwa nimeshikana na mali yangu yote, na samaki hayupo. Alinimwagia mafuta ya kupikia, ambayo ndiyo dawa ya gundi hiyo, akinisugua kimya kimya kwa bidii ya mtu anayezuia kicheko. Nyuma ya friji kulisikika kutafuna.

Kuhusu asili ya kunguni, nyumba yetu ina kambi mbili. Mke wangu anashikilia kwamba waliletwa na koti nililolinunua soko la mitumba la Gikomba mwezi wa Juni, zito kama godoro la mtoto, ambalo mfukoni mwake nilikuta tikiti ya basi ya nchi nisiyoweza kuisoma hata herufi zake. Mimi nashikilia kwamba walitoka katika kiti cha matatu, kwa maana msimu huu hakuna abiria anayethubutu kufungua dirisha, na watu kumi na wanne tunaoshiriki pumzi moja na kikohozi kimoja tangu Umoja hadi mjini hatuwezi kushindwa kushiriki na mengineyo. Kesi haijaamuliwa. Wakati huohuo koti linaning'inia nje ya mlango kama mshukiwa aliyeachiliwa kwa dhamana, nami natetemeka ndani.

Tiba ya kunguni inajulikana na kila mtu, nayo ni joto. Likifika nyuzi 50 hivi, hawaponi wao wala mayai yao. Ndiyo sababu bibi zetu walianika magodoro na kumwagia vitanda maji yanayochemka. Baridi nayo huwaua, lakini ni ile ya friji ya kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku kadhaa mfululizo. Hii yetu ya nyuzi 11 za alfajiri haiwagusi. Inaniua mimi peke yangu. Tena kunguni huweza kukaa miezi bila kula, na penye ubaridi huvumilia zaidi, kwa hiyo hata nikihama kwa hasira watanisubiri. Basi ninahitaji jua la siku moja, na ndilo jambo pekee ambalo Nairobi haiuzi mwezi huu. Jumamosi tatu mfululizo nimelibeba godoro la futi tano kwa sita kutoka orofa ya tatu hadi paani, nikigombania nafasi na kamba za nguo ambazo zimeanikwa tangu Jumanne na zimeanza kunuka uvundo, na Jumamosi zote tatu manyunyu yameshuka mara tu nilipomaliza kuliegemeza ukutani.

Jumamosi ya nne nilikuwa nimekwisha kulikunja nilipoambiwa kwamba hatubaki nyumbani. Watoto walikuwa wamefunga shule, Agosti inaelekea ukingoni, na hawajatolewa hata mara moja. Nilipendekeza Mombasa, kwa nia safi kabisa, tukapiga hesabu ya nauli ya treni ya watu watano kwenda na kurudi, na hapohapo mazungumzo yakahamia vilima vya Ngong. Niliuliza kama wanafahamu kwamba kilele cha Ngong kiko mita 2,460, yaani tunapanda zaidi kuelekea kule baridi inakotoka. Niliuliza pia kama hawajajiuliza kwa nini palichaguliwa pale kuwekwa mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Nikajibiwa kwamba wingu limetanda, godoro litalowa tena, na kwamba nivae koti la Gikomba kama ninaogopa.

Nililivaa. Huko juu upepo ulinisukuma kutoka nyuma kwa adabu mbaya, mapanga ya mitambo yakivuma juu ya vichwa vyetu ndani ya ukungu bila kuonekana. Nilionyeshwa weupe wa upande mmoja nikaambiwa ni Bonde la Ufa, nikaonyeshwa weupe wa upande wa pili nikaambiwa ni Nairobi, nikakubali yote mawili. Mke wangu alivua sweta. Watoto walikimbia, wakaanguka, wakacheka, wakala mahindi ya kuchoma, na lazima niseme kwamba mahindi yale yalikuwa na moto, nikayashika kwa muda mrefu kabla ya kuyatafuna.

Tulirejea Umoja jioni. Jirani wa orofa ya kwanza alikuwa akiteremka ngazi amebeba godoro kavu kichwani, akiimba. "Mzee wa Mombasa, leo mlikuwa wapi?" akaniuliza. "Jua limewaka hapa tangu saa nne mpaka saa kumi, hadi mlinzi akavua koti." Nilipanda ngazi polepole. Godoro letu lilikuwa pale nilipoliacha, limekunjwa gizani nyuma ya mlango, na wenyewe wote wamo ndani.

Mke wangu alisema kuna Jumamosi ijayo. Lakini Jumamosi ijayo ni ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, na mtoto wetu wa mwisho amekwisha kuahidiwa kwenda kuona mashamba ya chai, Limuru.